Meno ya Chini Niliyaacha Yalivyo

Isongole, Jumatano, saa tisa alasiri

Atupele mwanangu,

Umeondoka na baba yako sasa hivi kwenda Kinyala kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi, hamtatoka pale mpaka mmekula. Kwa hiyo nina muda wangu peke yangu. Mvua imekatika, nimefunga mlango kwa ajili ya baridi, nimejibanza kwenye kona ya meza ambayo mizigo yako haijaifikia. Barua hii nitaichomeka katikati ya shuka zako, uikute Dodoma siku utakapotandika kitanda.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuangalia begi lako njiani, wala za kumpigia shangazi ukifika. Hayo baba yako ameshayasema mara tatu na kesho stendi atayasema ya nne. Mimi nataka kukueleza habari za meno yangu.

Najua utaguna. Lakini Jumapili uliponionyesha ile picha kwenye simu, ya yule dada mwenye meno meupe pe, ukasema, "Mama, na mimi nikianza kazi nitalitengeneza hili lililopanda," nilikujibu vibaya. Nilisema, "Meno yako yana shida gani? Acha kumkosoa Mungu." Ukaizima simu, ukaenda kumenya viazi, na hatukulizungumza tena. Nimelifikiria jibu lile siku zote hizi tatu. Halikukuhusu wewe. Lilikuwa limekaa ndani yangu tangu kabla hujazaliwa, wewe ulipita mbele yake tu. Mwisho wa hadithi ya meno yangu unaujua, kwa sababu ulikuwepo. Mwanzo wake sijawahi kukusimulia, na katikati yake nilikudanganya.

Unajua nilizaliwa chini ya Mlima Meru. Tulikunywa maji ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba, maji baridi na matamu, na hakuna aliyetuambia kwamba yana madini mengi yanayoharibu rangi ya meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Mama yangu alikuwa na meno ya kahawia. Baba vilevile, na mchungaji, na mwalimu mkuu, na watoto wote niliocheza nao. Kwetu kahawia ndiyo ilikuwa rangi ya meno. Mtu mwenye meno meupe tulimjua tu kuwa ni mgeni. Mama alikuwa akicheka anashika nguzo ya jikoni, kichwa nyuma, meno yote nje, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nasema hakuna mwanamke mzuri kama yeye.

Nilipofika chuo cha ualimu, wiki ya kwanza, msichana tuliyelala kitanda cha juu na cha chini aliniuliza kwa upole kabisa, "Dada, samahani, unavuta sigara?"

Nikacheka nikidhani ni utani. "Mimi? Sigara?"

"Basi hayo meno yamepatwa na nini?"

Hakuwa mtu mbaya, Atu. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya kovu. Lakini nilikwenda bafuni nikajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu nilichokuwa nacho maisha yangu yote. Tangu siku hiyo nikajifunza kucheka midomo ikiwa imefungwa. Ikinishinda, naweka kiganja.

Halafu nikaanza kuyasugua. Nilianza na majivu, nikaja kwenye chumvi, nikaja kwenye mkaa uliotwangwa. Mtu akaniambia limao, nikashika limao mwezi mzima. Mwisho nilichukua kipande cha msasa kwenye karakana ya chuo, ule wa kulainishia mbao, nikajifungia bafuni nikayasugua meno ya mbele mpaka nikasikia ladha ya damu. Naandika haya kwa aibu, maana mimi ndiye mwalimu wa sayansi niliyekufundisha wewe na wenzako sehemu za jino. Ile kahawia haikutoka. Kilichotoka ni lile tabaka gumu la juu linalolikinga jino, na hilo likishatoka halioti tena. Baada ya hapo kila kitu cha baridi kilinitia ganzi ya meno mpaka machozi. Na Serikali, katika nchi nzima, ikanipanga Isongole.

Unaijua asubuhi ya hapa mwezi wa sita. Nilikuwa natoka nyumbani nimefunga kanga mdomoni, watu wakadhani nina kifua.

Siku yangu ya kwanza darasani, darasa la tatu, niliandika jina langu ubaoni, nikageuka nikawasalimu. Binti mdogo wa dawati la mbele akanyoosha mkono, nikafurahi kwamba kuna mtoto mchangamfu. Akauliza, "Mwalimu, wewe hupigi mswaki?" Aliuliza kweli, kwa sababu wiki ile walikuwa wamefundishwa kupiga mswaki. Mimi nikawapigisha magoti wote, watoto hamsini na kitu, kwenye sakafu ya saruji, katika baridi ile, mpaka kengele ilipolia. Miaka mingi baadaye yule binti alimleta mtoto wake kuandikishwa darasa la kwanza, nikamwita pembeni nikamwomba msamaha. Hakukumbuka hata kidogo. Alinitazama kwa mashaka, akasema, "Basi tu, mwalimu, tulikuwa watundu." Nikaona kwamba msamaha nimeuchelewesha mpaka hauna pa kutua.

Baba yako wakati huo alikuwa kwenye kamati ya shule, kijana mwenye shamba la viazi na maneno mengi. Alikuwa anakuja ofisini kwa shughuli zisizokwisha. Siku moja alisimulia habari ya mbuzi wa mwenyekiti aliyeingia kanisani wakati wa sadaka, nikaziba mdomo nikacheka. Akasema, "Mwalimu, mimi nahangaika kukuchekesha, halafu wewe unaficha. Nitajuaje kama nimefaulu?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilitoa mkono nikamwonyesha. Nikamweleza habari ya kile kijito.

"Kumbe ni maji," akasema.

"Ni maji."

Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Basi ya hapa ni mengine. Watoto hawatayapata."

Alishafika kwenye watoto kabla hajaniuliza la kwanza. Hivyo ndivyo baba yako alivyoniposa, na ukitaka kujua kwa nini kwenye picha ya harusi yetu mimi nimefunga mdomo na yeye anacheka hadi jino la mwisho, ndiyo hiyo.

Alisema kweli. Yako yalitoka meupe. La kwanza lilipochomoza bibi alikuja kutoka Kinyala kulitazama, akashukuru kwa Kinyakyusa chake, "ndaga fijo," kama aliyepewa yeye. Nilikuwa nakulaza mapajani nayaangalia yanavyotoka moja moja, nikisema moyoni kwamba kwako wewe habari hii imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ulipokuwa chekechea, mwalimu wako alinisimamisha nje ya ofisi akaniuliza, "Mwalimu mwenzangu, Atu ana kidonda mdomoni? Mbona akicheka anaziba?"

Nilimjibu, "Ni adabu tu. Nimemfundisha."

Nilijua palepale nimesema uongo. Hukufundishwa na mtu. Ulikuwa umenitazama mimi miaka mitano ukidhani ndivyo kina mama wanavyocheka. Una meno kama punje za mahindi mabichi na unayaficha kwa sababu ya maji ya kijito ambacho hujawahi kukiona. Nilipaswa siku ileile kukuketisha na kukueleza. Sikufanya hivyo. Ningekueleza ningelazimika kufungua mdomo, na mimi nilishazoea nyumba ambayo mdomo wangu hautajwi.

Sasa nifike kwenye mahafali yako ya darasa la saba.

Unakumbuka utaratibu: kila mhitimu anaitwa jina, mzazi anapanda jukwaani, wanapigwa picha pamoja. Miezi miwili kabla nilishaanza kuiwaza ile picha. Niliitaka, Atu. Niliitaka niwe nimecheka ndani yake, kama baba yako alivyocheka kwenye ya harusi. Kuna mtu akaniambia habari za kijana mmoja Mbeya anayeng'arisha meno kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Nilikwenda Jumamosi nikamwambia baba yako nina semina. Yule kijana hakuniuliza jambo hata moja. Hakuangalia hata kama nina jino bovu. Alinipaka kitu kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi, akaniambia nikae nacho kadiri nitakavyovumilia. Nilivumilia sana. Unajua mimi nikiamua.

Kufika nyumbani fizi zilikuwa zimekuwa nyeupe kama zilizochemshwa, na baada ya siku mbili zikaanza kuchubuka. Mdomo ukavimba. Meno yalipata mabaka meupe juu ya kahawia, yakawa mabaya kuliko mwanzo, na nikivuta pumzi kwa mdomo ilikuwa kama sindano. Niliwaambia nyote nimeungua na uji. Jeraha la kwanza halijapona vizuri nikarudi kwake mara ya pili, siku nne kabla ya mahafali, kwa sababu aliniambia rangi itasawazika. Ndiyo maana siku ile nilikuwa na kitambaa mdomoni, nikasema nasimamia wapishi wa wageni. Nilisimama nyuma ya jiko la shule, kwenye moshi, nikasikia jina lako likiitwa. Nikasikia mshereheshaji anauliza, "Mzazi wa Atupele? Mama mwalimu yuko wapi?" Baba yako alikuwa amebaki na bibi hospitali. Nikasikia shangazi yako anapiga kelele, "Niko hapa, niko hapa!" anapanda yeye.

Picha ile ipo ukutani, nanyanyua macho naiona sasa hivi. Wewe na shangazi. Miaka yote hii umeamini kwamba nilichagua kusimamia sufuria za wali. Ukweli ni kwamba nilijiharibu kwa ajili ya picha ile na kwa sababu nilijiharibu sikuingia ndani yake. Hilo ndilo nililokudanganya, na ninakuomba msamaha ukiwa bado unakumbuka.

Kidato cha pili ulileta karatasi ya siku ya wazazi. Uliiweka mezani, ukasema, "Hii ni ya baba."

Nikasema, "Wameandika wazazi wote wawili."

"Wewe usije, mama."

"Kwa nini?"

"Ukija utajificha. Kama unanionea aibu, bora ubaki."

Baba yako alikuwa anavua mabuti mlangoni. Akabaki na buti moja mkononi. Mimi nilijua watu wananiona ni mkimya, najua wengine waliniona nina maringo. Lakini kwamba mtoto niliyemzaa alikuwa ameishi miaka miwili akiamini namwonea aibu yeye, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Nilitaka kusema neno, mkono ukaenda mdomoni wenyewe, kama kawaida yake. Wewe ukauona, ukasema, "Si unaona?" ukatoka nje.

Nilikuchukia kwa dakika moja hivi. Leo nakushukuru kwa kila neno. Watu wazima wote walionizunguka walikuwa wananistahi, hata baba yako, na stahi yao ilinifunika vizuri tu nikaoza ndani yake. Ilihitajika mtu mwenye miaka kumi na tano aliyechoka.

Wiki iliyofuata baba yako hakuniuliza. Alisema, "Mama Atu, Alhamisi twende Mbeya kwa daktari wa meno, wa kweli, na Atu atakuja." Nikasema Atu ana shule. Akasema, "Nimeshamwombea ruhusa." Kuna mambo baba yako anayafanya polepole mpaka unasahau kwamba anaweza kufanya kwa haraka.

Daktari Mwanaidi unamkumbuka, yule mama wa Tanga mwenye sauti ya taratibu. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Hakugusa kitu kwanza. Aliniuliza, "Yanakuuma? Tangu lini? Na ukiondoka hapa leo, ungependa nini kiwe kimebadilika?" Hilo swali la tatu ulilijibu wewe ukiwa kwenye stuli: "Anataka acheke."

Alipoyaangalia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulitumia nini hapa mbele?" Nikasema msasa. Wewe ukageuka kunitazama na sitausahau uso wako ule. Daktari hakushangaa. Akasema wapo waliokuja na wamesugua kwa jiwe. Akasema, "Mama, hii haikuwa uchafu hata siku moja. Ungesugua hadi kesho kutwa isingetoka. Iko ndani ya jino lenyewe. Hukukosea kitu utotoni, ulikunywa maji."

Nililia kwenye kile kiti, na hakuwa amenigusa hata kwa kioo.

Halafu akanieleza njia zilizopo, na alizieleza zote, na ubaya wake na uzuri wake, ndiyo maana nilimwamini. Alisema kuna kung'arisha kwa dawa, lakini kwa mtu ambaye jino limeshaliwa juu kama mimi litaniumiza, na kahawia nzito haiondoki yote. Kuna vigamba vyembamba vinavyotengenezwa maabara na kubandikwa mbele ya jino. Hivyo ni vizuri na vinadumu, lakini jino hukwanguliwa kwanza, na likishakwanguliwa hakuna kurudi nyuma. Kuna kofia inayolivika jino zima. Hiyo alisema ni ya jino lililovunjika au kuoza sana, siyo kwa rangi tu. Na kuna ile dawa laini ya rangi ya jino, ambayo daktari anaipaka mbele na kuichonga kwa mkono, ikakaushwa kwa taa. Hiyo inaliacha jino salama, lakini baada ya miaka kadhaa hubadilika rangi au kumeguka, itabidi kurudia. Mwisho akasema, "Na ya tano ni kutibu hiyo ganzi na fizi, kuyasafisha, na kuyaacha rangi yake. Watu wengi wanaichagua, na ni uamuzi kamili."

Nilichagua ile dawa laini, kwa meno sita ya juu. Kwanza fizi zilitibiwa, tukarudi baada ya wiki kadhaa. Siku ya kuchagua rangi alileta ule mfululizo wa vijino vya mfano, nikashika moja kwa moja cheupe kuliko vyote.

Ukasema, "Mama, hicho ni cheupe kama sinki la choo."

"Atupele!"

Daktari akacheka mpaka akavua barakoa. "Mwanao anasema kweli. Chukua cha tatu. Watu waone umecheka, wasione meno yamefika kabla yako."

Akaniuliza na ya chini kama tuyapange tarehe nyingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Nikamkumbuka mama akiwa ameshika nguzo. Nikasema, "Ya chini niachie. Hayo ni ya kwetu." Hakubisha. Alinielewa kuliko nilivyojielewa.

Alipomaliza akanipa kioo. Sikucheka, Atu. Nilitarajia kucheka, miaka yote hiyo niliyowaza saa ile, lakini nilitazama tu kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Wewe ukasema, "Sema kitu." Nikasema, "Niseme nini?" Nawe, "Hapo, hapo, yameonekana!" Nikakuona wewe umecheka, bila mkono. Sijui kama ulijijua. Tangu chekechea sikuwahi kuuona mdomo wako mzima ukicheka, na uliacha siku ileile, kama mtu aliyevua koti chumba kilipopata joto. Kati ya yote yaliyofanyika kliniki ile, hilo ndilo ninalomshukuru Mungu kwalo kila siku, na halikuwa hata kwenye mdomo wangu.

Daktari akakataza chai ya rangi siku mbili. Baba yako aliposikia akasema bora wangekataza kanisa.

Nisikudanganye kwamba siku hiyo nilipona. Mkono uliendelea kupanda wenyewe karibu mwaka mzima. Meno yalikuwa mazuri na mimi bado naziba. Wewe ndiye uliyekuwa unanivuta kiwiko chini ya meza, kanisani, kwenye harusi ya mjomba, bila kunitazama, ukiendelea na maneno yako. Daktari alitengeneza alichoweza kukifikia na vifaa vyake. Sehemu iliyobaki ulinitengeneza wewe kidogo kidogo, na sikumbuki kama niliwahi kukuambia asante. Asante, mwanangu.

Na kuna jambo la mwaka jana ulipokuwa shule ambalo sikukusimulia. Nilikula hindi la kuchoma asubuhi, kipande cha ile dawa kikameguka kwenye jino la mbele kabisa, kahawia ikachungulia. Nilijua kimetoka. Nikaingia darasani nikafundisha vipindi viwili, na katikati ya cha pili mtoto akasema, "Mwalimu, jino lako limebanduka!" Nikamwambia ndiyo, ni hindi la mama Sekela, lina nguvu kuliko mimi. Wakacheka, nikacheka, tukaendelea na mzunguko wa maji. Nilirudi kwa daktari baada ya majuma matatu, nilipopata nafasi. Majuma matatu, Atu! Yule wa msasa asingeamini.

Sasa turudi kwenye jino lako lililopanda. Mimi nalipenda, kwa sababu nililiona likihangaika kupata nafasi ulipokuwa na miaka minane. Lakini silitumii mimi, unalitumia wewe. Ukitaka kulipanga, lipange, na sitasema tena neno la kumkosoa Mungu. Daktari Mwanaidi alishaniambia kwamba jino la namna hiyo hurudishwa kwenye mstari kwa nyaya, taratibu, mwaka au zaidi, na jino lenyewe linabaki lako zima. Kinachonitia hofu ni ile picha ya kwenye simu. Yule dada anaweza kuwa amekwanguliwa meno mazima ili avikwe yale. Ukikutana na mtu anayetaka kukwangua kizima kabla hajakuuliza unataka nini, au anayepaka kitu asichoweza kukutajia jina lake, nyanyuka kwenye kiti chake hata kama ameshakufunga kitambaa shingoni. Mimi sikunyanyuka kwa sababu niliona haya kumsumbua. Nilimwonea haya mtu aliyekuwa ananiunguza.

Na kama atatokea mtu, kijana au rafiki, akakuambia ungekuwa mzuri kama siyo hilo jino, nipigie simu kabla hujaenda kwa daktari. Sitakukataza. Nitataka tu kusikia sauti yako unavyolisema.

Nilitaka pia kukuandikia kwamba baba yako analia. Usimwambie nimesema. Jana alikuwa anakaza kamba za begi lako, akakaza ile iliyokwisha kukazwa, nikamwona. Ana furaha vilevile. Anamwambia kila anayepita barabarani kwamba binti anakwenda chuo Dodoma, hata waliokwisha kuambiwa. Mimi ni mtu wa shukrani leo kuliko huzuni. Nimepewa mtoto aliyeniambia ukweli nikiwa bado nina umri wa kuutumia. Wapo wenzangu walioupata wakiwa vikongwe.

Pikipiki inapanda mlima, naijua kwa mlio. Mmerudi mapema kuliko nilivyodhani, bibi atakuwa amewafungia ndizi. Nasikia baba yako anasimulia kitu kwa sauti ya juu, na wewe unakicheka kabla hajakimaliza. Nimalizie hapa, nikuwekee maji ya kuoga jikoni.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na kukushukuru,

Mama Atu